Nusu ya Pili ya Bulgaria

Jina lake walilijua watu wa ofisini tu. Sisi wengine, kuanzia sokoni Tukuyu hadi kwenye migomba ya Kisiba, tulimwita Bibi Maendeleo, kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa na serikali: kuwafundisha akina mama kusoma, kushona, kupika uji wa kumshibisha mtoto, na kuwaeleza kwa nini nchi imechagua ujamaa. Alipanga chumba cha uani kwetu kwa miaka kumi na mmoja. Mimi na mume wangu tulikuwa mafundi cherehani, tukishonea barazani, na yeye alipita hapo kila asubuhi na koti lake la mvua la kijani, mwavuli ameubana kwapani umefungwa, hata mvua ikiwa inamwagika. Siku moja nilimuuliza kwa nini haufungui.

"Mama Zuhura," alisema bila kusimama, "nikiufungua nitapunguza mwendo."

Alikuwa hivyo katika kila jambo. Hodi aliipiga akiwa ameshaingia. Chai aliinywa ikiwa bado inaunguza. Mtu akianza kumwitikia kwa kichwa alimkatiza: "Usiniambie ndiyo kabla sijamaliza. Ukisema ndiyo mapema nitajua hukusikiliza." Wanawake wengi walimwogopa kidogo, na hao hao waliomwogopa ndio waliotembea saa mbili kwenye matope kuja kwenye darasa lake.

Alikagua vichanja vya vyombo vya watu wa vijiji vizima, na chumba chake mwenyewe kilikuwa fujo: madaftari juu ya kitanda, sufuria chini ya meza, soksi dirishani. Aliwafundisha wenzake kuchanganya maharage, karanga na mboga, kisha yeye jioni alikula viazi vya kuchoma kwa chumvi, amesimama. Nilipomcheka alisema chakula bora ni cha watoto, yeye ameshakua. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Isongole, lakini ng'ombe akitokea njiani alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Alizungumza na wakubwa wa wilaya bila kuinamisha macho, na barua ya kawaida kutoka kwa mama yake aliiacha mezani siku mbili kwa woga kabla hajaifungua.

Kilichomfanya ajulikane kuliko hayo yote ni safari. Miaka michache baada ya uhuru, kabla hajaja kwetu, serikali ilimpeleka Bulgaria, nchi ya huko mashariki ya Ulaya, akasomee mambo ya ushirika wa vijijini. Alikaa huko karibu miaka miwili. Wakati huo Tukuyu nzima huenda hakukuwa na mwanamke mwingine aliyepanda ndege, na watu hawakuchoka kumuuliza. Wengine walileta nguo isiyohitaji fundi ili tu wakae barazani wamsikie.

"Mzungu analima kwa mkono?" aliuliza siku moja mama mmoja wa Kawetele, aliyeleta gauni lipunguzwe.

"Kwa mkono, kwa jembe, na mgongo umepinda kama wa mama yako."

"Mzungu huyu huyu?"

"Huyo huyo. Na viatu vyake vya mpira vimetoboka."

Yule mama alikaa na gauni lake mapajani akiitafakari habari hiyo. Wazungu tuliowajua sisi walikuwa wa misheni, wa mashamba ya chai na wa bomani. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba huko kwao wako wanaotoka alfajiri na kibuyu cha maji kwenda kupalilia tumbaku, wanaoviringisha nguo kuukuu miguuni kwa sababu soksi hazipatikani, wanaopanga foleni ya mkate.

Alikaa kwa mjane mmoja, katika kijiji cha bondeni chenye mashada ya pilipili nyekundu yaliyoanikwa ukutani. Katika lugha ya kule bibi huitwa "baba," na yeye alizoea kumwita mjane huyo Baba. Mume wangu hakulipenda jambo hilo. "Baba gani anavaa sketi?" alinung'unika kila jina hilo lilipotajwa. Tena huko, alituambia, mtu akikubali hutikisa kichwa kulia na kushoto, na akikataa hukiinamisha. Mwezi wa kwanza Bibi Maendeleo alikuwa akiomba mkate zaidi, anatikisiwa kichwa, anaona aibu, anaondoka mezani na njaa. Baba naye akadhani mgeni hapendi mkate wake. Siku walipoelewana walicheka mpaka yule mzee akakaa chini.

Hayo aliyaeleza popote, na yale mengine mazuri: kwamba wasichana wote wa kijiji kile walijua kusoma, wakati mama zao walitia dole gumba, kwamba palikuwa na nyumba ya kulelea watoto, mama akienda shamba moyo umetulia, kwamba mkunga alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwa kila mtu. Alipofika kwenye mkunga sauti yake ilibadilika. Mama yake alizaa tisa huko Isongole, wakabaki watatu. "Nao walikuwa maskini kama sisi," alisema. "Walijikusanya, wakapata. Mnaelewa? Walijikusanya."

Aliamini. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walisema mengine. Mwanamke yule aliuamini ujamaa kama mtu anavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Nusu ya pili ya Bulgaria aliisemea jikoni kwetu, jioni, mvua ikipiga bati na moshi ukituwasha macho. Tuliokuwa tukiisikia ni watatu tu: mimi, mume wangu, na dereva wa Landrova ya ofisi yao. Dereva huyo alikuwa mtu wa Kawetele, mpole, aliyefiwa na mke, aliyekuwa akimletea Bibi Maendeleo kuni kavu za kutoka kwao kisha anakaa kidogo kuota moto. Hakusema kwa nini anazileta. Sote tulijua, na yeye Bibi Maendeleo alijua, kwa sababu kila zikiletwa aliziweka mwenyewe, moja moja, asimwachie mtu mwingine kuzipanga.

"Baba alikuwa na maksai wawili," alitusimulia. "Ushirika ulipoanza walikuja vijana wenye karatasi. Hawakumlazimisha, walisema. Ila aliyekataa, mtoto wake hakupata nafasi ya shule. Akatia dole gumba. Basi kila jioni anakwenda kwenye zizi la ushirika kuwaangalia maksai wake. Anawakuna shingo, anarudi kimya. Nikamwambia, Baba, si sasa mna trekta? Akaniambia, trekta halinijui."

"Na watoto wake?" nilimuuliza.

"Wawili wapo mjini, kiwandani. Wanaishi chumba kimoja na familia nyingine, jiko moja. Hawarudi. Kijiji kile kina shule nzuri, Mama Zuhura, na kila mwaka watoto wanapungua. Ukipita mchana unawakuta wazee mabenchini, na wanaume wengine wamelewa kabla ya saa sita." Alisukuma kuni ndani ya jiko. "Na mwisho wa kijiji, kwenye matope, kuna watu wa kabila la wahamaji. Weusi weusi kidogo, siyo kama sisi. Hakuna anayewasalimu. Watoto wao wanakaa nyuma darasani. Mimi nilisalimiwa kuliko wao, na mimi nimetoka mbali kiasi hicho. Nilipouliza nikaambiwa tatizo hilo limekwisha."

Halafu alisema jambo ambalo natamani asingelisema, au mimi nisingelisikia. Alisema Baba, akitaka kueleza habari za maksai wake, alikuwa akishusha sauti hata wakiwa wawili tu chumbani. "Wanaogopa hata ukuta. Nami naogopa tusije tukafika huko." Kisha akaongeza: "Ndiyo maana ni lazima sisi tujenge wetu vizuri kuliko wao. Tumeshaona walipokosea."

Dereva alimuuliza kwa nini hayo hayasemi kwenye mikutano.

"Kwa sababu sisi ndiyo kwanza tunaanza. Nikiwaambia hayo watakata tamaa kabla hawajajaribu."

Dereva aliinamisha kichwa. Sikujua kama amekubali.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Kwetu Rungwe watu walikuwa wamekaa karibu karibu tangu zamani, kila nyumba na migomba yake, na wengi walitarajia haitawagusa. Sehemu nyingine kweli haikuwagusa. Lakini kulikuwa na kijiji kimoja upande wa Kisiba ambako iliamuliwa wakazi wa mteremkoni wote washuke barabarani, wajenge kwa mstari, na washuke upesi, kabla wakubwa hawajaja kukagua. Mvua za masika zilikuwa katikati. Bibi Maendeleo aliagizwa akawashawishi akina mama, hasa ajuza mmoja mjane ambaye wenzake walikuwa wakimtazama yeye. Walisema akihama yeye nao watahama.

Nilifuatana naye siku hiyo kwa sababu nilikuwa nawafundisha wanawake wa huko kukata magauni. Tulimkuta ajuza nyumbani kwake ndani ya migomba, mdogo wa mwili, anamenya ndizi.

"Ugonile, mama," Bibi Maendeleo alimwamkia, akapiga magoti.

"Ndaga, mwanangu. Wamekutuma."

"Wamenituma."

Ajuza aliendelea kumenya. "Migomba hii alipanda mume wangu. Na mwenyewe yupo pale." Akaonyesha kwa kisu kilima kidogo cha udongo chini ya mgomba. "Sasa nikuulize. Huko Bulugalia, wazee nao waliachia mashamba yao?"

"Waliachia, mama."

"Wakaonaje?"

Bibi Maendeleo alikuwa bado amepiga magoti. Mvua ilikuwa inatiririka kwenye majani ya migomba, na nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi kwamba nilisikia pumzi yake. Nilidhani atasema habari za maksai.

"Walipata zahanati karibu," alisema. "Walipata mtu wa kuwasomea barua za watoto wao. Mtu akiugua, jirani anasikia."

Hakuna hata neno moja la uongo hapo.

Ajuza aliweka kisu chini. "Wale wengine wanasema ya kusikia. Wewe umeona kwa macho. Basi nitakwenda."

Alihama wiki ile ile, na wenzake wengine wanane nyuma yake. Nyumba yake ilibomolewa ili asirudi. Kibanda alichojengewa barabarani kilikuwa cha mianzi mibichi na majani ya migomba, na maji yalipita chini ya kitanda. Akashikwa na kifua. Zahanati iliyoahidiwa ilikuwa bado mawe yaliyorundikwa. Wiki ya tatu alikufa, na watu wake walimbeba wakampandisha tena kule kule mteremkoni, wakamzika kando ya mumewe.

Habari ilimkuta Bibi Maendeleo akiwa kazini. Jioni nilimwona akirudi kutoka mwisho wa barabara, na kilichonitisha ni kwamba alikuwa akitembea polepole. Alipita barazani moja kwa moja. Nilimfuata uani, nikamkuta amekaa kitandani juu ya madaftari yake, koti linachuruzika maji.

"Aliniuliza," alisema. "Mama Zuhura, wewe ulikuwepo. Aliniuliza waliona vipi."

Nilimvua koti.

Baada ya siku chache uliitishwa mkutano wa hadhara kijijini kule kwa ajili ya nyumba zilizobaki mteremkoni. Tulikwenda kwa Landrova, dereva akiendesha, Bibi Maendeleo mbele, mimi nyuma na mikasi yangu. Katibu wa chama wa pale alikuwa kijana aliyewahi kuwa mwalimu. Si mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu ya wakubwa, na siku ile wakubwa wawili kutoka wilayani walikuwa wameketi nyuma yake. Alipaza sauti, "Uhuru!" Watu wakaitikia, "Na kazi!" bila nguvu. Kisha akamkaribisha Bibi Maendeleo aeleze jinsi wenzetu wa Ulaya walivyofaulu.

Alisimama. Hakupanda kwenye meza kama alivyozoea.

"Nimewahi kusema nanyi mara nyingi habari za Bulgaria," alianza. "Niliwaambia nusu. Ile nusu ilikuwa kweli. Leo nawaambia ya pili."

Akawaambia. Mara kwa Kiswahili, mara kwa Kinyakyusa pale alipotaka wazee wamsikie sawasawa. Aliwaambia habari za maksai, za vijana wasiorudi, za wazee mabenchini, za watu wa mwisho wa kijiji wasiosalimiwa. Hakusema habari za hofu na ukuta. Nilingoja mpaka mwisho, hakuzitaja. Kikohozi cha mtoto kilisikika kule nyuma. Katibu alikuwa akimtazama, kisha anawatazama wakubwa, kisha anamtazama tena.

"Sisemi tusijenge kijiji," alimalizia. "Nimekuja kujenga kijiji. Nasema tungoje mvua ziishe. Nasema tujenge zahanati kwanza, ndipo watu washuke. Na nasema tuwaulize wenye migomba. Mama yule aliniamini mimi, na mimi nilimficha nusu hiyo."

Mzee mmoja alisema "Ndaga," yaani asante, kwa sauti ya chini. Mwingine akasema. Halafu lilikuwa neno moja likizunguka kiwanja kizima, ndaga, ndaga, kila mtu kwa wakati wake, bila makofi. Mmoja wa wakubwa aliinuka, akaingia kwenye gari lake.

Wakati wa kurudi dereva aliendesha akiwa ameng'ang'ania usukani. Karibu na Tukuyu alisema, "Umesema vizuri." Bibi Maendeleo alijibu, "Nimechelewa."

Siku nne baadaye katibu yule alikuja barazani kwetu. Mume wangu alikuwa amekwenda Mbeya kutafuta nyuzi. Katibu alileta shati, akasema limechanika kwapa. Nililigeuza, halikuwa limechanika popote.

"Dada," aliniambia, na sauti yake ilikuwa laini, "wewe unaishi naye. Tunataka kumsaidia tu. Wakubwa wanasema amepandikizwa. Mimi nasema pengine siku ile alikuwa na uchungu. Lakini wanataka kujua kama ni mazoea yake kusema hivi."

"Mimi nashona tu, ndugu katibu."

"Najua. Na mumeo anashona. Wapo wanaosema anapata kitambaa kwa njia za mkato. Mimi sijaamini. Nimewaambia, ngojeni kwanza." Alilikunja shati lake taratibu. "Si mna watoto watatu?"

Ni kweli kwamba mume wangu aliwahi kununua majora mawili kwa mtu aliyeyavusha mpakani. Nchi nzima haikuwa na kitambaa, nasi tulikuwa mafundi. Niliangalia cherehani, nikaangalia Zuhura wangu anayecheza mlangoni na vifungo.

Nikasema. Nilisema kwamba jikoni alituambia watu wa kule wanaogopa hata ukuta, na kwamba anaogopa tusije tukafika huko.

"Alisema hivyo? Tusije tukafika huko?"

"Ndiyo."

"Basi?"

Palikuwa na maneno yaliyofuata. Nimeyaandika hapo juu: kwamba ndiyo maana lazima sisi tujenge wetu vizuri kuliko wao. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini katibu alikuwa tayari anaandika, na mimi nilitaka aondoke.

"Basi," nilisema.

Bibi Maendeleo aliitwa aende Mbeya. Alikaa huko siku kumi na mbili, na katika siku hizo sikuweza kukata hata kitambaa kimoja kikanyooka. Dereva alikuja kila jioni kuuliza kama kuna habari. Nilimjibu hakuna, nikamtazama viatuni. Aliporudi alikuwa amekonda na hakuwa na kazi. Alifungasha madaftari yake kwenye masanduku mawili. Mume wangu, ambaye hakujua kitu mpaka anakufa, alimsaidia kufunga kamba.

"Walinisomea maneno yangu ya jikoni," alituambia. "Neno kwa neno. Ila waliyakata mwisho." Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa uani, ambako dereva alikuwa amesimama na mzigo wa kuni begani, amekuja kumuaga. Bibi Maendeleo alimpita kama anavyopita nguzo, akatoka. Dereva alibaki na kuni zake begani. Niliona kila kitu siku ile, nikaelewa Bibi Maendeleo anamshuku nani, na sikufungua mdomo.

Kule upande wa Kisiba wale waliobaki mteremkoni hawakushushwa. Wakubwa waliogopa kifo cha pili, wakasema wangoje kiangazi; kiangazi kilipofika kijiji kikaandikishwa pale pale kilipo, na migomba yao ipo mpaka leo. Wanawake wa huko waliniambia mara nyingi kwamba ni yeye aliyewaokoa. Waliniletea hata mikungu ya ndizi nimfikishie kwao Isongole, alikorudi. Niliituma kwa watu wengine. Mwenyewe sikwenda.

Nilikwenda mwaka ambao nilimzika mume wangu. Zuhura alikuwa ameolewa, cherehani nimemwachia, na kila nilipokaa peke yangu jambo lile lilikuja kukaa pembeni yangu. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu. Nilimkuta shambani kwake Isongole, anachimba viazi, nywele zimekuwa nyeupe, na kazi yake bado ni ya haraka. Aliponiona alitupa jembe, akanikumbatia na mikono yake ya udongo.

"Mama Zuhura! Umechelewa kiasi gani!"

Tulizungumza kidogo habari za msiba wangu. Aliniambia Baba wa Bulgaria alikufa zamani. Mwanawe wa kiwandani ndiye aliyeandika barua, akamtaka radhi kwa kuchelewa kumjulisha. Kisha akasema, "Na yule dereva naye alikufa. Umesikia?"

Nilikuwa sijasikia.

"Miaka mitatu sasa. Alikuja hapa mara mbili kabla ya hapo. Mara ya pili alileta watu wazima, kuniposa. Sikuwapa hata kiti." Aliinama, akaokota kiazi, akakifuta. "Mtu aliyepeleka maneno yangu Mbeya."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Yote yalinipotea.

"Hakuwa yeye," nilisema. "Ni mimi."

Nikamweleza: katibu, shati zima, majora ya kitambaa, watoto, yale maneno ya mwisho niliyoyameza. Nilieleza upesi, bila kulia, kwa sababu nilijiambia nikilia atanihurumia, na sikuwa na haki hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, kiazi mkononi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye matuta, na mahali fulani chini yetu mtu alikuwa akiita ng'ombe, naye Bibi Maendeleo hata hakugeuka kuangalia.

"Alisimama pale," alisema hatimaye, akionyesha ukingo wa shamba. "Aliniapia. Kwa jina la mke wake marehemu. Nikamwambia anapoteza wakati."

"Nisamehe, dada."

"Usiseme hilo neno sasa." Sauti yake haikuwa kali, ila nilirudi nyuma hatua moja. "Wewe nakujua. Ulikuwa na watoto, ulikuwa na mume, yule kijana alikutisha. Hilo naweza kulibeba. Mimi mwenyewe nilimnyima yule mama wa watu neno ambalo lingemwokoa, na sikutishwa na mtu. Lakini miaka yote hii, Mama Zuhura. Ulimwona amesimama na kuni. Ulimwona."

"Nilimwona."

Alikitupa kiazi kwenye kikapu. Akachukua jembe, akapiga mara mbili tatu, akaacha, akaliegemea kama mtu aliyepanda mlima.

"Nenda nyumbani," alisema. "Leo sitaki kukuona. Sijui kama kesho nitataka. Jumamosi sina mtu wa kunisaidia kuchimba."

Nilirudi Tukuyu. Ijumaa sikula. Jumamosi nilitoka mapema, na nilipofika alikuwa ameshaanza. Hakunisalimu. Alinionyesha kwa kidevu tuta ambalo halijaguswa, mbali na lake, nikaenda nikaanza kuchimba.